Orodha yenu nimeisikiliza mara tatu

Milton Keynes, Uingereza
Januari 2026

Mama yangu, Bibi, Ami, na wadogo zangu nyote hapo Wete, Pemba,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utawakuta wazima. Mimi na watoto hatujambo, alhamdulillahi, ila baridi ya mwaka huu imekaza na jua tunaliona saa chache tu, kisha giza.

Sauti mliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu. Nikachukua kalamu nikaandika kila kitu: simu ya Khamis, laptopu ya Zuwena, televisheni ya Ami, redio ya Bibi. Mwisho kabisa mtu akasema kwa nyuma, "Na Mama naye aletewe simu, ile yake imekufa." Mama mwenyewe sikumsikia kutia neno. Hilo limenikaa moyoni tangu siku ile, na nitalirudia huko mbele.

Nimeona bora niandike kuliko kupiga. Kwenye simu tunazungumza watu sita kwa pamoja, mtandao unakata, na kila mtu anabaki na alichokisikia yeye. Hapa nataka kueleza kitu kimoja kimoja, nani nitamletea, nani sitamletea, na kwa nini. Atakayeudhika aniwekee maneno yake mpaka nifike, maana nakuja inshaallah siku chache kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Kazi yangu mnaijua. Huu mwaka wa pili niko kwenye ghala linalopokea simu na kompyuta zilizotumika. Zinakuja kwa masanduku, nami kazi yangu ni kuzipima. Naiwasha simu, napiga *#06# nasoma namba yake ya utambulisho (IMEI), naangalia hali ya betri, napitisha kidole kwenye kioo kutoka pembe hadi pembe, kisha nachomeka chaja na kuitikisa kidogo nione kama tundu limelegea. Kwa siku moja napima nyingi mpaka vidole vinakufa ganzi. Na nyingi kati ya hizo, wallahi, hazina ubovu wowote. Mwenyewe kaiacha kwa sababu mkataba wake wa miaka miwili umekwisha na kampuni imempa nyengine. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia simu yake imekufa, swali langu la kwanza ni hili: imekufa wapi?

Nianze na wewe Khamis, kwa sababu ndiye uliyezungumza kwa kirefu.

Unataka iPhone. Sikulaumu, ni simu nzuri na napenda kuzishika. Lakini kumbuka ile niliyoileta 2019, ambayo bado imo kwenye mtoto wa meza chumbani kwa Mama. Niliinunua kwa mtu kwenye gulio la Jumapili, nikampa msafiri, ikafika Wete inang'aa kama mpya. Mlipoiwasha ikataka neno la siri la mwenyewe wa kwanza. Fundi wa Chake akaigeuza akaniambia hana la kufanya, na alisema kweli. Simu ikiwa imefungwa kwa akaunti ya mtu, hata ukiifuta na kuianzisha upya, itauliza jina la yule yule. Pesa zile nilizipata kwa kusafisha ofisi usiku, miezi miwili. Sasa naziona simu kama ile mezani kwangu kila wiki, kioo kizima, betri nzima, na haina kazi isipokuwa kuvunjwa vipuri. Ndiyo maana simu ya mtumba siinunui tena kabla sijaiwasha mbele ya muuzaji na kuifikisha mpaka kwenye ukurasa wa mwanzo, haina akaunti ya mtu.

Lakini sababu yangu kubwa si hiyo. Nimekufikiria kazini kwako, bandarini alfajiri, mkono umelowa, unapiga picha ya samaki unamtumia mteja Unguja, huku laini ya pili inalia kwa pesa iliyoingia. Wewe unahitaji simu ya laini mbili za kuchomeka, betri ya kukaa mpaka Magharibi, na kioo ambacho kikipasuka fundi wa Wete atakuwa nacho. iPhone za huku zina nafasi ya laini moja ya kuchomeka. Ya pili ni ya kielektroniki, ile isiyo na kadi. Kisha kuanzia iPhone 11, ukiweka kioo kisicho cha kampuni, simu yenyewe inaandika kwenye mipangilio kwamba kipuri hiki hakitambuliki. Itafanya kazi, lakini siku utakapotaka kuiuza, mnunuzi ataliona andiko hilo. Betri nazo: za kuanzia iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya nguvu baada ya kujazwa kikamilifu mara 500. Simu ya miaka mitatu ikifika mezani kwangu, mara nyingi naikuta hapo hapo 80 au chini yake. Kwa hiyo ukiagiza ya bei ndogo, ujue unaagiza na betri ya kubadilisha.

Na usidanganywe na habari ya kwamba haiingii maji. Kipimo kile hufanywa kwa maji matamu, yaliyotulia, kwenye simu mpya. Bahari ina chumvi, na chumvi inakula lile tundu la chaji. Gundi inayoziba nayo inalegea kadiri miaka inavyokwenda, na simu ikishafunguliwa na fundi mara moja, ile ahadi imekwisha.

Nitakuletea Samsung A35 iliyotumika, nimekwisha kuiwekea akiba, nami nitahakikisha inachukua laini mbili. Ilitoka Machi 2024, betri yake ni ya 5,000 mAh, ndicho kipimo cha ujazo wa betri, na kampuni imeahidi kuipa masasisho ya usalama kwa miaka 5, yaani mpaka 2029. Hili la masasisho ndilo ninalolitazama mwanzo siku hizi, kabla ya kamera. Simu isiyopata masasisho bado inapiga na kupokea, lakini pesa zako zimo ndani yake, na matundu ya kuingilia wezi hayazibwi tena. Simu mbili unaweza kuzikuta dukani kwa bei moja, moja imebakiwa na miaka minne na nyengine imekatiwa tangu juzi, na kwa macho huzitofautishi. Uliza mwaka iliyotoka. Na mtu akikuonesha mjini simu mpya ya jina kubwa kwa bei ya kuokota, piga *#06# kwanza kisha utume namba ile kwenda 15090 ujue kama ni ya kweli. Umesahau Juni 2016, TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, ilipozizima simu bandia, na wangapi mtaani petu waliamka simu zimekuwa kioo cha kujitazamia?

Zuwena, mdogo wangu, wewe nitakushangaza.

Ile laptopu uliyoiona dukani Unguja, ukanitumia picha, usiinunue. Nimeikuza picha nikasoma kibandiko chake: i5-6200U. Kwa namba kama hii, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Hiyo ni ya sita. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 wanaitaka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache sana. Maofisi ya huku yametoa laptopu kwa malundo kwa sababu hiyo moja tu. Naziona ghalani zimepangwa juu kwa juu mpaka begani kwangu. Ndizo hizo zinazosafiri kwenda kila pahala kwa bei rahisi, na muuzaji huenda hajui, au anajua.

Sasa tazama yako, hiyo unayosema imechoka. Uliponipigia picha ya chini yake nilisoma i5-8250U. Kizazi cha nane! Ungetoa pesa yako ya miezi ili urudi nyuma vizazi viwili. Inayokuchelewesha dakika tano nzima kila asubuhi, mpaka wanafunzi wameshaingia darasani, ni diski yake. Ni ile ya kizamani yenye sahani inayozunguka, na ukiweka sikio karibu utaisikia inakwaruza. Nakuletea SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani, na kijiti cha memori cha GB 8 badala ya hicho chako cha 4. Vyote viwili vinaingia kwenye kiganja kimoja cha mkono. Fundi atafungua skrubu, ataviweka, na masomo yako yote yatahamishwa. Usimwachie mtu mpaka umenakili mitihani yako kwenye flashi.

Ami, shikamoo. Nakuomba radhi mapema, kwa sababu kwako wewe jibu langu ni hapana, na sipendi kumwambia mkubwa wangu hapana kwa barua.

Televisheni ya inchi 55 siwezi kuisafirisha ikafika salama. Kioo cha namna ile kinasafiri kikiwa kimesimama, kikilazwa chali na mzigo ukawekwa juu, kinapasuka kwa ndani na nje usione hata mchubuko. Kutoka hapa mpaka Wete kitapita mikono mingapi? Ukiitaka, tuinunue Unguja kwenye duka linalotoa risiti na dhamana, uiwashe pale pale, nami nitachangia. Lakini nakuomba ufikirie na umeme. Tuseme ile kubwa inakula wati 100 na yako ya inchi 32 inakula 40. Kwa saa sita kwa siku, kubwa inakula uniti 18 kwa mwezi, yako saba na kidogo. Tukuza, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, haikopeshi, unaijua. Na ile habari ya kuwa ni televisheni janja, ujanja wake wote ni intaneti. Bila ya bando inabaki kuwa kioo cha king'amuzi, kama hiyo uliyo nayo.

Nitakachokuletea ni kinga ya umeme. Unakumbuka televisheni ya Baba? Zile siku za umeme wa jenereta la Wesha, kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga kufika 2010, umeme ulikatika wakati wa taarifa ya habari, ukarudi kwa kishindo, na nyuma ya televisheni ukatoka moshi mwembamba na harufu ya mpira unaoungua. Baba aliinyanyua akaipeleka nje uani, akaiweka chini ya mpera, akarudi akakaa bila kusema. Ile kinga inasubiri umeme utulie dakika chache ndipo inauruhusu kupita. Weka moja kwa friji na moja kwa televisheni. Soketi zetu na za huku ni zile zile za pini tatu, na nguvu ya umeme ni ile ile ya volti 230, kwa hiyo haitaki adapta.

Bibi, redio yako ipo, nimeinunua jana. Nilikaa dukani muda mrefu kwa ajili yako, kwa sababu redio nyingi za huku zinauzwa kwa sifa ya kupokea mawimbi ya dijitali, na hayo kwetu hayapo. Nimetafuta yenye FM na AM, inayokula betri kavu na pia inachajiwa, na iliyo na kitufe cha kuzungusha. Nakujua hutaki vitufe vya kubonya bonya. Ukizungusha, unaipata Zanzibar, unaiacha hapo hapo, taarifa za vifo zikisomwa unazisikia mwanzo mpaka mwisho. Niliijaribu kwa macho yaliyofumbwa nione kama mkono unaijua njia peke yake. Unaijua.

Kitu ambacho hakuna aliyekiagiza na nitakileta ni betri ya akiba ya kuchajia simu, ya 20,000. Nayo ni ya nyumba nzima, si ya Khamis peke yake. Msihesabu kwamba itajaza simu ya 5,000 mara nne. Ile 20,000 huhesabiwa kwa volti 3.7, na inapotoka kwa volti 5 inashuka mpaka 14,800, kisha nyengine inapotea kwa joto. Haitozidi mara tatu. Lakini umeme ukikatika siku mbili, mara tatu ni nyingi. Hiyo naibeba kwenye mkoba wa mkononi, kwenye sanduku la chini ya ndege hairuhusiwi.

Sasa Mama.

Tulipozungumza kwa video wiki iliyopita, ulikuwa umeishika simu kwa mikono miwili, kidole gumba kikiubana mgongo wake. Nikadhani ni mazoea. Kisha Zuwena akaniambia kifuniko hakifungi tena, kimeinuka. Hiyo ni betri, Mama. Imevimba. Simu yako ni ya zamani, ile ambayo kifuniko kinabanduka kwa ukucha na betri inatoka, na hiyo ni bahati kubwa. Izimwe, Khamis aitoe betri, aiweke juu ya meza iliyo sawa na aizungushe kwa kidole. Betri nzima inasimama pale pale. Ikizunguka kama pia, basi tumbo limejaa, haifai kuchajiwa hata mara moja zaidi, wala kubonyezwa, wala kutobolewa. Iwekwe nje mbali na moto mpaka fundi aichukue. Na tafadhali, usilale nayo tena chini ya mto.

Betri mpya ya simu ile fundi wa Wete anayo, na kama hana, Chake ipo. Kwa hivyo simu yako haijakufa. Na huko kuganda ganda kwake ni kwa sababu imejaa picha na video za vikundi, zile za kila Ijumaa na kila harusi, ambazo simu inazivuta yenyewe bila ya wewe kuziomba. Zuwena ataizuia kwenye mipangilio.

Lakini mimi najua kwa nini hukusema neno Ijumaa ile. Sauti za Baba zimo humo.

Ninayo moja tu katika zile, uliyonisikilizisha mwaka juzi nilipokuja, usiku, wote wamelala. Baba yuko shamba, msimu wa karafuu, mvua inasikika juu ya makuti. Anasema, "Mama Maryam, nimechelewa, mvua imenikuta, majamvi yamelowa nusu. Usiningoje na chakula." Kisha anahesabu pishi, anakosea, anaanza tena. Niliona ulivyokuwa ukitikisa kichwa pale anapokosea, kama vile utamsahihisha.

Sauti hazikai kwenye betri, Mama. Betri ikitolewa, hazitoki nazo. Ziko ndani ya simu yenyewe. Kinachozipoteza ni mtu kuifuta WhatsApp ili airudishe, au fundi kuisafisha simu iwe nyepesi bila ya kuuliza, au kuhamia simu mpya kwa haraka na ya zamani akapewa mtoto achezee. Na siku moja WhatsApp wenyewe wataacha kufanya kazi kwenye simu ile. Tangu Januari 2025 wamezikatia simu za Android 4.4, na yako ni 5.1, iko ukingoni. Siwezi kukwambia uendelee nayo miaka.

Kwa hiyo Zuwena, hili ndilo la kwanza kabisa, kabla ya SSD, kabla ya chochote. Betri mpya ikishawekwa, iunge simu ya Mama na laptopu yako kwa waya. Fungua folda ya WhatsApp, ndani yake Media, ndani yake WhatsApp Voice Notes. Utakuta folda ndogo ndogo nyingi. Faili za sauti zinaanza na herufi PTT, kisha mwaka, mwezi na siku, kwa hiyo za Baba utazijua kwa tarehe. Usichague, nakili zote. Moja weka kwenye laptopu, moja kwenye flashi akae nayo Bibi kwenye kasha lake, na moja nitumie mimi. Mwambie yeyote asiiguse simu ile mpaka umemaliza.

Kisha kaa na Mama. Mfungulie ile ya mvua, aisikilize kutoka kwenye laptopu, mpaka pale Baba anapoanza kuhesabu tena.

Mama, ukishaisikia huko, ndipo uniambie kama unataka simu nyengine au betri mpya inakutosha. Mpaka nisikie kwa mdomo wako mwenyewe, sinunui.

Nisalimieni shangazi wa Konde na majirani wote. Watoto wanawaamkia.

Mwanao,
Maryam